Mkasi wa jeni umepatikana, mchukuzi wake bado

Mchuzi wa kuku wa kienyeji ukitulia kwenye bakuli, vitone vya mafuta huelea juu. Kimoja kikigusana na jirani yake, huungana papo hapo vikawa tone moja kubwa. Mjini Singida, katika mkoa uliojipatia jina kwa kuku na mafuta ya alizeti, jambo hilo hutokea mezani kila siku na hakuna anayelishangaa. Hata hivyo, tabia hiyo ya mafuta kuyapokea mafuta mengine ndiyo inayowapa watafiti wa Philadelphia na London tumaini kwamba magonjwa ya kurithi, yakiwemo ya damu, yatakuja kutibiwa kwa dripu ya saa chache katika hospitali ya kawaida.

Hoja ya makala haya ni moja. Tanzania inapouzungumzia uhariri wa jeni, isiishie kuuliza kama mkasi upo. Iulize nani anaubeba mkasi huo hadi ndani ya seli, kwa njia gani na kwa gharama ipi. Mkasi umekwishapatikana. Mchukuzi ndiye atakayeamua kama tiba itafika Ikungi, Itigi na Mkalama, au itabaki habari ya gazetini kuhusu watoto wa nchi nyingine.

Ugonjwa unaoifanya hoja hii iwe ya nyumbani ni selimundu, ambao wengi wanauita sikoseli. Vinasaba vya binadamu ni maandishi marefu yenye herufi zipatazo bilioni 3, na kosa linaloleta selimundu ni la herufi moja: palipotakiwa kuwa na A pamekaa T, kwenye jeni inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini. Mtoto akilirithi kosa hilo kwa mzazi mmoja, kwa kawaida huishi bila shida na mara nyingi bila kujua. Akilirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo na kufa mapema. Mzazi huanza kuona vidole vilivyovimba, macho ya manjano na homa za kila mara. Baadaye huja maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha, upungufu wa damu unaodai aongezewe damu, na kwa wengine kiharusi kabla hata ya kumaliza shule ya msingi.

Idadi yao si ndogo. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara na wataalamu wa afya nchini ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na hiyo inaiweka Tanzania miongoni mwa nchi tano zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya mtoto mmoja katika kila mia ana ugonjwa, na mmoja kati ya watano amelirithi kosa hilo kwa mzazi mmoja. Katika kila watoto wanne wanaozaliwa na selimundu duniani, watatu au zaidi huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara.

Singida haimo miongoni mwa mikoa inayotajwa kwanza ugonjwa huu unapozungumzwa, na sababu yake ni ya kale. Mwaka 1954, daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu mwenye kosa hilo kwa upande mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni ya selimundu iliota mizizi palipokuwa na mbu wengi, Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ikapungua kwenye nyanda za juu na maeneo makavu. Uwanda wa Singida, wenye mawe makubwa, mvua haba na mwinuko wa karibu mita 1,500, umekuwa na malaria kidogo kuliko mikoa ya Ziwa. Lakini watu hawakai mahali pamoja. Wanahama na mifugo, wanafuata mashamba, kazi na biashara, wanaoana, na jeni husafiri nao.

Mkoa wa namna hiyo ndio unaofaa kutumika kama kipimo. Wagonjwa wake wametawanyika katika vijiji vilivyo mbalimbali, hivyo hakuna anayeharakisha kuujengea kituo cha ubingwa. Familia hutoka Kiomboi au Manyoni kufuata daktari wa damu Dodoma, ambayo kutoka Singida mjini ni mwendo wa kilomita zipatazo 240, au Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Tiba inayoweza kutolewa Singida itaweza kutolewa karibu popote Tanzania. Isiyoweza kutoka nje ya jiji moja la ng'ambo haitamfikia mtoto wa Mkalama, hata isifiwe vipi.

Mkasi wenyewe haujafikisha miaka mingi. Mwaka 2012, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba kifaa ambacho bakteria hukitumia kujikinga na virusi, CRISPR, kinaweza kuelekezwa kukata vinasaba mahali palipochaguliwa. Mwaka 2020 walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kifaa hicho kina sehemu mbili: protini iitwayo Cas9, ambayo ndiyo makali, na kipande cha RNA kinachoyaongoza makali hayo hadi kwenye mstari uliokusudiwa, kama mtu anayefuata namba ya kitabu rafuni. Baadaye yakaja matoleo ambayo hayakati nyuzi zote mbili za vinasaba, bali hubadilisha herufi moja kuwa nyingine.

Tatizo ni kuingia. Seli imejizungushia ukuta wa mafuta, na ukuta huo hauruhusu vitu vikubwa vyenye chaji ya umeme kupita. RNA ikimwagwa kwenye damu bila kufunikwa hukatwakatwa na vimeng'enya kwa muda mfupi, na mwili huitilia shaka kama mvamizi. Mkasi bora duniani ukibaki nje ya seli haumsaidii mgonjwa kwa lolote.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa virusi. Hivi ni mafundi wa kuvamia seli, kazi ambayo vimeifanya kwa mamilioni ya miaka. Watafiti waliviondolea jeni za madhara, wakavipakia jeni za tiba, wakavituma mwilini. Vingine vilifanya kazi vizuri na vimeokoa maisha. Lakini historia yake ina makaburi. Septemba 1999, kijana wa Kimarekani Jesse Gelsinger, mwenye miaka 18, alifariki Philadelphia siku nne baada ya kupewa virusi vilivyobeba jeni ya kurekebisha ugonjwa wa ini lake, kwa sababu kinga ya mwili wake iliwaka kwa ukali uliopita kiasi. Miaka michache baadaye, watoto kadhaa waliotibiwa Paris kwa ugonjwa wa kuzaliwa bila kinga walipata saratani ya damu, kwa kuwa virusi vilivyotumika vilijichomeka karibu na jeni zinazochochea saratani.

Vipo vizuizi vingine vitatu, visivyotisha kama vifo lakini vyenye uzito kwa nchi maskini. Kwanza ni nafasi: aina ya virusi inayotumika sana kwa kazi hii hubeba herufi zipatazo 4,700 tu, ilhali jeni ya Cas9 ya kawaida inamaliza zaidi ya 4,000 peke yake. Pili ni kumbukumbu ya mwili. Aliyewahi kukutana na virusi vya jamaa hiyo huwa na kingamwili tayari, na hata asiyekuwa nazo huzitengeneza baada ya dozi ya kwanza, hivyo kurudia dozi huwa vigumu sana. Tatu ni gharama, kwa sababu virusi hufugwa ndani ya seli hai, katika viwanda vyenye usafi wa hali ya juu, kwa kiasi kidogo kidogo.

Tarehe 8 Desemba 2023 ilizikutanisha njia mbili. Siku hiyo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha tiba mbili za selimundu kwa pamoja. Moja, Lyfgenia, inatumia virusi kupeleka jeni mpya, na ilipewa onyo kali zaidi kwenye lebo yake kuhusu hatari ya saratani ya damu. Nyingine, Casgevy, ambayo Uingereza ilikuwa imeiidhinisha wiki tatu kabla, haitumii virusi kabisa. Seli shina za damu hutolewa kwa mgonjwa, hupelekwa kiwandani, na huko hupitishiwa mshtuko mfupi wa umeme. Kwa kitambo kidogo ukuta wa mafuta hutoboka vitundu, mkasi huingia, kisha ukuta hujifunga. Mkasi unakwenda kuizima swichi inayozuia himoglobini ya mtoto mchanga, ile ambayo mwili huiacha miezi michache baada ya kuzaliwa, na himoglobini hiyo ikirudi chembe hazijikunji tena.

Matokeo yake ni ya kweli na yanastahili kusemwa bila kusitasita. Katika jaribio lililopelekwa kwa mamlaka hiyo, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Victoria Gray wa jimbo la Mississippi, mgonjwa wa kwanza wa selimundu kupewa tiba hii Marekani mwaka 2019, alikuwa amezoea kulazwa hospitalini tangu utotoni. Baada ya tiba, mashambulio hayo yalikoma.

Lakini umeme huo unafanya kazi kwenye seli zilizo nje ya mwili, na hapo ndipo barabara inapokatika kwa mtu wa Singida. Kukusanya seli kunahitaji mashine na wataalamu, pengine kwa awamu kadhaa. Kiwanda huweza kuchukua hadi miezi sita kuziandaa, na maandalizi hayo ni ya mgonjwa mmoja peke yake. Kisha, kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa tibakemikali kali ya kuufagia uloto wake wa zamani ndani ya mifupa, dawa inayoweza kumnyima uwezo wa kupata watoto. Hukaa hospitalini wiki nne hadi sita akisubiri uloto mpya uote, akiwa hana kinga ya kupambana hata na mafua. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania, kwa mtu mmoja.

Tanzania imekwishaonja sehemu ngumu ya safari hiyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, jirani wa Singida, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, kwa kutumia uloto wa ndugu anayelingana nao. Ni hatua ya kujivunia, na inaonyesha kwamba madaktari na wauguzi wa nchi hii wanaweza kumlinda mtoto katika wiki zile za hatari. Lakini watoto wengi hawana ndugu anayelingana nao, na vyumba vya kupandikizia haviwezi kuongezeka kwa kasi ya watoto 11,000 kwa mwaka. Kulipeleka jibu la namna hiyo katika kila mkoa ni ndoto.

Hapo ndipo kinaporudi kile kitone cha mafuta kwenye mchuzi.

Njia ya pili isiyotumia virusi ni kuufunga mkasi, au maandishi ya mRNA yanayoiambia seli itengeneze mkasi yenyewe, ndani ya kitone kidogo sana cha mafuta. Upana wake ni kama sehemu moja kati ya elfu kumi za milimita. Kitone hicho huundwa kwa aina nne za lipidi, mojawapo ikiwa kolesteroli ya kawaida. Lipidi iliyo muhimu kuliko zote ina tabia ya kubadilika: kwenye damu haina chaji, hivyo haisumbui, lakini ikimezwa na seli na kukuta uchachu ndani ya kifuko kilichoimeza, hupata chaji, hujibana kwenye ukuta wa kifuko, mafuta huungana na mafuta, na mzigo hushuka ndani ya seli. Baada ya siku chache mRNA huharibika na kupotea. Mkasi nao hutoweka baada ya kumaliza kazi, na kinachobaki ni herufi iliyosahihishwa.

Teknolojia hii si ngeni kama inavyosikika. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilikuwa mRNA iliyofungwa katika vitone vya mafuta, na dozi zake zilitengenezwa kwa mabilioni. Yeyote aliyechanjwa kwa mojawapo amewahi kuipokea teknolojia hii mkononi mwake. Katika uhariri wa jeni, ushahidi mkubwa wa kwanza ulitoka Juni 2021, pale wagonjwa sita wa Uingereza na New Zealand wenye ugonjwa wa kurithi wa protini mbovu inayotoka kwenye ini walipopewa dripu ya CRISPR ndani ya mafuta. Kwa waliopata dozi kubwa, protini hiyo ilipungua kwa wastani wa asilimia 87. Hakuna seli iliyotolewa mwilini, hakuna uloto uliofagiwa.

Kisha Philadelphia ikarudi kwenye habari. Agosti 2024 alizaliwa mtoto aitwaye KJ Muldoon, mwenye upungufu wa kimeng'enya cha ini kinachosafisha amonia kwenye damu, ugonjwa wa jamaa moja na ule wa Jesse Gelsinger. Madaktari Rebecca Ahrens-Nicklas na Kiran Musunuru, pamoja na wenzao, walimtengenezea mhariri wa herufi moja wa kwake peke yake ndani ya miezi sita, wakaufunga ndani ya mafuta, wakampa dozi ya kwanza Februari 2025. Walimpa ya pili, kisha ya tatu. Kwa virusi, kurudia namna hiyo kungekuwa hatari au kazi bure. Mtoto alianza kuvumilia protini zaidi kwenye chakula, dawa zake zikapunguzwa, na mwezi Juni alikwenda nyumbani. Katika jiji lile lile ambako mchukuzi wa aina moja alimuua kijana mwaka 1999, mchukuzi mwingine alimpa mtoto nafasi ya kukua.

Sasa kwa nini mtoto wa Singida asipewe dripu hiyo kesho? Kwa sababu mafuta yana mazoea yake. Yakiingia kwenye damu huvaa protini ile ile inayobeba mafuta ya chakula, na ini, ambalo kazi yake ni kuyapokea mafuta hayo, huyanyakua. Ndiyo maana ushindi wote wa uhariri kwa vitone vya mafuta uliotajwa hapa ni wa magonjwa ya ini. Selimundu hukaa kwenye uloto, ndani ya mifupa, kwenye seli shina chache zilizojificha. Mwaka 2023, watafiti wa Philadelphia, akiwemo Drew Weissman aliyepata Nobel mwaka huo huo pamoja na Katalin Karikó kwa kazi ya mRNA, waliripoti kwamba walikivisha kitone cha mafuta kingamwili inayozitambua seli shina za damu. Katika panya, vitone hivyo vilifika kwenye uloto na kufanya kazi. Seli za wagonjwa wa selimundu zilizotibiwa kwa njia hiyo maabarani zilisahihishwa kiasi kwamba chembe zilizojikunja zilikaribia kutoweka. Kutoka panya hadi mtoto ni safari ndefu, lakini barabara imeonekana.

Mwenye kuipigia debe njia hii ana wajibu wa kueleza pia hatari zake. Mkasi unaweza kukata mahali pasipokusudiwa, na kosa la kwenye vinasaba halifutiki. Mafuta yenyewe huweza kuamsha mzio na kulisumbua ini. Mwaka 2025, majaribio ya kampuni iliyoitengeneza dripu ile ya ugonjwa wa protini mbovu yalisimamishwa baada ya mgonjwa mmoja kupata madhara makubwa ya ini, na mgonjwa huyo akafariki. Wananchi wanapaswa kuambiwa hayo wazi, pamoja na jambo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa: kuhariri seli za damu au ini za mgonjwa hakubadilishi watoto atakaowazaa. Kilichofanyika China mwaka 2018, cha kuhariri viinitete vya binadamu kabla ya kuzaliwa, ni kitu kingine, kililaaniwa duniani na aliyekifanya alifungwa.

Wapo watakaosema Tanzania haina haja ya kuhangaika na mambo haya wakati mtoto wa kijijini hapati hata haidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo jaribio lililofanyika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda lilionyesha kwamba hupunguza maumivu, malaria, uhitaji wa damu na vifo vya watoto wenye selimundu. Hoja hiyo ni nzito na inatoka kwa watu wanaowaona wagonjwa kila siku. Haidroksiyurea ije kwanza, na ije kwa wingi, kwa bei ambayo Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, italipia. Lakini maandalizi ya dawa hiyo na ya dripu ya baadaye ni yale yale: kumpima mtoto akiwa mchanga, kumwandikisha, kumfuatilia, kuwa na maabara inayoaminika na muuguzi anayejua dalili za hatari. Fedha iliyowekwa hapo leo haitapotea hata kama dripu itachelewa miaka ishirini.

Msingi upo. Tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, kundi linalohesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani yaliyofuatiliwa katika kituo kimoja. Mtandao wa utafiti wa selimundu unaoziunganisha nchi kadhaa za Afrika, ulioanza mwaka 2017, ulikiweka kitovu chake Dar es Salaam. Mwaka 2019, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Mfuko wa Gates zilitangaza dola milioni 200 kwa ajili ya tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazokuwa nafuu na kufaa Afrika, na zilitaja wazi kwamba tiba hizo ziwe za kutolewa ndani ya mwili. Wafadhili wenyewe wameelewa kwamba suala ni mchukuzi.

Penye pengo ni kwenye ufundi wa mchukuzi huyo. Shirika la Afya Duniani lilipozitangaza, Februari 2022, nchi sita za kwanza za Afrika kupokea teknolojia ya mRNA kutoka kituo cha Cape Town, zilikuwa Misri, Kenya, Nigeria, Senegal, Afrika Kusini na Tunisia. Tanzania haikuwemo. Wengi waliiona habari hiyo kuwa ya chanjo tu. Ukweli ni kwamba anayejua kufunga mRNA ya chanjo ndani ya mafuta amejifunza nusu ya kazi ya kufunga mkasi wa jeni. Nchi yenye mzigo wa selimundu kama Tanzania haiwezi kuendelea kukaa nje ya ufundi huo, ikisubiri kuja kuuziwa.

Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyuo vikuu vinapaswa kuwapeleka vijana kujifunza kemia ya vitone hivi, na kuwarejesha kwenye maabara zenye vifaa vya kufanyia kazi. Si lazima waanze na binadamu. Watafiti wa Tanzania wakijua kutengeneza kitone, kukipima na kukihifadhi, wataweza kuuliza maswali ambayo Philadelphia haiulizi: je, kitone kinaweza kukaushwa kuwa unga ili kisidai friji ya baridi kali njiani kutoka Dodoma hadi Itigi? Je, ini lililozoea malaria na minyoo linakipokeaje? Mtu wa Singida ana sababu ya kutaka maswali hayo yaulizwe na watu wanaoijua barabara ya kwao.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nazo ziandae kanuni kabla ya maombi ya kwanza kufika mezani. Jaribio lolote la tiba ya jeni litakaloomba watoto wa Tanzania liwe na mkataba unaosema, likifanikiwa, dawa itauzwa nchini kwa bei gani na itafikaje mikoani. Wagonjwa wa nchi hii wamechangia damu yao na miaka yao katika utafiti wa selimundu kwa muda mrefu. Haki yao ya kuipata tiba iandikwe mapema, isiachwe kwa huruma ya kampuni.

Na wabunge wa Singida, ambao kila bajeti husimama kuutetea mkoa wao kwa barabara, maji na bei ya alizeti, waliongeze jambo hili kwenye orodha. Upimaji wa selimundu kwa kila mtoto mchanga bado haujawa utaratibu wa nchi nzima. Unahitaji tone moja la damu kutoka kisigino cha mtoto, karatasi ya kulikaushia na maabara ya kulisoma. Uanze katika wodi za wazazi za hospitali ya rufaa ya mkoa, Makiungu, Kiomboi, Manyoni na Itigi, kwa fedha za bajeti ijayo, na kila atakayekutwa na ugonjwa aandikwe jina na kuanzishiwa kliniki kabla hajafikisha miezi mitatu. Siku mchukuzi atakapopatikana, watakaotibiwa mapema ni watoto ambao tayari wanajulikana walipo.